Kalipso na Mizani Yake: Tahakiki Baada ya Msimu wa Kanivali katika Trinidad

Kwa muda wa miaka 9 nimewafundisha wanafunzi wangu hukumu moja juu ya kalipso, nayo ilikuwa hukumu mbovu. Nilisema kwamba kalipso ni utungo wenye vina usio na mizani. Kwamba mtungaji wake hutafuta neno la kufungia mstari kama mtu apapasaye kiberiti gizani, na akisha kulipata hajali kama mstari umekuwa mrefu au mfupi. Hukumu hii sikuitoa kwa pupa. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo nilisoma maneno ya nyimbo nyingi yaliyochapwa vitabuni, nikahesabu silabi zake moja moja kwa kalamu nyekundu, na hesabu yangu ilikuwa sahihi. Mistari miwili iliyofungwa kwa kina kimoja ilikuwa mmoja na silabi 9 na wa pili na silabi 14, bila ya kanuni yoyote niliyoweza kuiona. Katika msimu wa kanivali wa mwaka 2024 nilikwenda Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago, nikayasikia kwa masikio yale niliyokuwa nimeyahesabu kwa macho. Makala haya yanairudisha hukumu ile. Nayaandika katika jarida, wala si katika barua kwa wanafunzi wangu wa zamani, kwa kuwa nadhani kosa lenyewe si langu peke yangu. Ni kosa la kila mhakiki aliyezoea kuupokea wimbo katika karatasi.

Msomaji ambaye hakupata kuisikia kalipso yafaa aelezwe kwanza inatoka wapi. Trinidad ni kisiwa kilicho karibu sana na pwani ya Venezuela. Columbus alikifikia mwaka 1498, na Wahispania walikitawala kwa karne tatu bila ya kukijaza watu. Mwaka 1783 mfalme wa Hispania alitoa amri ya kuwakaribisha walowezi Wakatoliki, wakaja Wafaransa wengi kutoka visiwa vya jirani pamoja na watumwa wao. Na mwaka 1797 Waingereza wakakiteka kisiwa. Basi kwa muda mrefu nchi ilikuwa na sheria za Kihispania, gavana Mwingereza, na watu walio wengi wakisema Krioli ya Kifaransa. Wafaransa ndio walioikuza desturi ya kanivali, yaani siku za shangwe zitanguliazo Kwaresima. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, na kazi ya lazima iliyosalia ilipokoma mwaka 1838, waliokuwa watumwa waliitwaa sherehe hiyo kutoka sebuleni wakaipeleka barabarani, wakaichanganya na maandamano yao ya mienge yaitwayo canboulay, jina litokanalo na maneno ya Kifaransa yenye maana ya miwa iliyochomwa. Mwaka 1881 polisi wa Port of Spain walijaribu kuyazima maandamano hayo wakapigana na wacheza fimbo njiani, na sheria ya mwaka 1884 ikaikaza kamba juu ya ngoma. Watu walionyang'anywa ngoma walitwanga mianzi chini. Mianzi ikafuatwa na vyuma. Na katika miaka ya 1930 na 1940 mapipa yakageuzwa kuwa ala kamili ya muziki, ijulikanayo kwa jina la pani. Habari za pani ni ndefu, wala si kazi yangu hapa. Ninalotaka msomaji alishike ni hili: mbele ya kila kikundi cha wacheza fimbo alikuwako mwimbaji kiongozi, aliyeitwa chantwell, ambaye kazi yake ilikuwa kumsifu bingwa wa upande wake na kumshusha bingwa wa upande wa pili. Mwimbaji huyo ndiye babu wa mtungaji wa kalipso.

Mpaka mwisho wa karne ya 19 nyimbo hizo ziliimbwa kwa Krioli ya Kifaransa. Lugha hiyo ilikuwa imekwisha kupata sarufi yake mwaka 1869, iliyotungwa na John Jacob Thomas, mwalimu wa shule, mtu mweusi mzaliwa wa kisiwa kile. Naitaja kazi yake kwa heshima, maana aliifanya wakati ambapo waungwana waliiita lugha ya mama yake Kifaransa kilichovunjika, na aliifanya bila ya chuo kikuu chochote nyuma yake. Mwaka 1898 Norman Le Blanc aliimba kwa Kiingereza kumlaumu gavana Jerningham, na katika miongo iliyofuata Kiingereza kikaendelea kuishika nafasi. Hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Nilidhani kwamba lugha ilipobadilika, mizani ya wimbo nayo ilibadilika.

Kalipso husikilizwa hasa katika ukumbi uitwao hema. Zamani lilikuwa banda kwelikweli, la mianzi na makuti. Leo ni ukumbi wenye viti na taa, lakini jina limebaki. Mahema hufunguliwa baada ya mwaka mpya na huendelea usiku baada ya usiku hadi zikaribie siku zenyewe za kanivali, ambazo ni Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu. Niliingia hemani na daftari langu, nikakaa karibu na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akihudhuria mahema tangu kabla nchi yake haijapata uhuru mwaka 1962. Alinitazama nikifungua daftari, akanyamaza kimya.

Katika wimbo wa nne hivi nilijikuta nikigonga goti kwa kidole, na kidole changu kiliniambia jambo ambalo kalamu haikuniambia. Mstari wa silabi 9 na mstari wa silabi 14 vilikuwa na urefu mmoja. Vyote viwili vilijaza mapigo manne, si zaidi wala si pungufu. Katika mstari mfupi mwimbaji alizivuta silabi na kuzilaza juu ya pigo. Katika mstari mrefu aliliacha pigo la kwanza lipite tupu, kana kwamba amesahau zamu yake, kisha akazimwaga silabi kwa haraka ya mtu anayekimbilia kivuko, na silabi ya mwisho, ile yenye kina, ikatua juu ya pigo lake bila ya kukosea hata kidogo. Watu walikuwa wakiingoja. Walijua kwamba mwimbaji amejitwika deni, nao walitaka kuona kama atalilipa. Na kicheko chao kilianza nukta moja kabla ya kina kufika, maana walikwisha kukitambua kinakotoka. Silabi zile 14 zilikuwa za kusudi. Mwimbaji aliziongeza ili aonekane akizibeba.

Kumbe mizani ilikuwako tangu awali, ila haikukaa katika silabi. Ilikaa katika muda, na katika muda huo kimya nacho kilihesabiwa. Mimi nilikuwa nimehesabu vilivyotamkwa tu.

Liko kosa la pili, nalo lanitia haya zaidi kwa kuwa linahusu fani yangu. Katika nyimbo za zamani nilikuta maneno ya Kiingereza ambayo mkazo wake uko mwanzoni, lakini yamewekwa mahali ambapo kina kinadai mkazo wa mwisho. Nikaandika pembeni: vina vya kulazimisha. Nilipowasikia waimbaji wazee wakiyatamka, sikusikia kulazimisha kokote. Katika Krioli ya Kifaransa, kama katika Kifaransa chenyewe, uzito wa sauti huelekea mwisho wa neno. Yamkini waimbaji walipohamia Kiingereza waliyachukua maneno yake wakayavika uzito waliouzoea, kwa sababu sauti za nyimbo zao zilikuwa zimekwisha kujengwa juu ya uzito huo. Tena wataalamu wengi wa Krioli ya Kiingereza isemwayo kisiwani wameona kwamba silabi zake hukaribia kulingana kwa urefu kuliko zile za Kiingereza cha Uingereza. Mtu ambaye lugha yake ni Kiswahili, lugha ambayo silabi zake hutembea kwa hatua karibu sawa, angalipaswa kuwa wa kwanza kulisikia jambo hili. Lakini mimi nilizisoma nyimbo zile kwa matamshi niliyofundishwa katika chuo cha nchi ya baridi, nikamlaumu mtungaji kwa kutoyafuata.

Iko aina ya kalipso iitwayo extempo, yaani utungaji wa papo kwa papo. Waimbaji wawili hupewa jambo la kuimba palepale jukwaani, na sauti ya wimbo ni ile ya kale, yenye huzuni kidogo, ambayo kila mtu aijua. Zamani kila ubeti ulifungwa kwa maneno mawili ya Kifaransa yenye maana ya "bila ya utu," na hata leo maneno hayo hayajasahauliwa. Mwimbaji hodari hapendi kukaa jukwaani tu. Hushuka, hupita kati ya viti, na huchagua mtu. Usiku ule alinichagua mimi. Niliyashika maneno nusu tu. Alisema kwamba amemwona mgeni anayeandika. Kwamba ama ni mtu wa kodi, ama ni mume anayepanga uongo wa kumpelekea mkewe. Kisha akakitazama kidole changu kilichokuwa kingali gotini, akasema, mwacheni ahesabu, akimaliza kuhesabu atatukuta tumekwisha kulala. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Nilicheka kwa kuchelewa, na hilo nalo likawachekesha.

Jirani yangu ndiye aliyenieleza baadaye kwamba utani wa namna hii huitwa picong, neno lililotoka katika Kifaransa lenye maana ya kuchoma, na kwamba una sheria moja: anayekasirika ameshindwa. Nilipofika hotelini niliuandika ubeti ule kadiri nilivyoukumbuka, nikahesabu silabi zake kwa mazoea. Zilikuwa 11, 9, 13, 10, na kuendelea hivyo bila ya mpango. Kwa kipimo nilichokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu ulikuwa ubeti mbaya. Nami nilikuwa nimeshuhudia kwamba ulikuwa mzuri kuliko yote yaliyoimbwa usiku ule, na nilikuwa na sababu za kutosha za kutamani usiwe mzuri.

Wasomaji wa jarida hili watakuwa wamekwisha kuyafikiria malumbano ya washairi wetu: Muyaka wa Mombasa akipeleka mishale yake Lamu, au washairi wa magazetini wakijibizana juma kwa juma. Ulinganifu huo ni wa haki, ila usivutwe mno. Mshairi wetu wa gazetini hupewa siku saba za kutafuta jibu, na jibu lake hupita mikononi mwa mhariri. Mtungaji wa extempo hupewa muda wa kuvuta pumzi. Ulinganifu ulio karibu zaidi nauona katika beni, ngoma ya miji ya pwani yetu aliyoieleza Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975. Wacheza beni walijipa vyeo vya wafalme, majemadari na madaktari. Watungaji wa kalipso wa zama zilezile walijiita Lord Executor, Roaring Lion, Atilla the Hun. Bahari mbili zilitenganisha watu hawa, wala sina ushahidi kwamba mmoja alimsikia mwenzake. Ila wote walikuwa chini ya wakoloni waliopenda sana vyeo, na wote waliona kwamba cheo ni vazi ambalo mtu aweza kujishonea.

Atilla huyo, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Raymond Quevedo, alisafiri pamoja na Lion hadi New York mwaka 1934 kutia sauti katika santuri, kama vile Siti binti Saad alivyokwenda Bombay mwaka 1928. Mwaka huohuo wa 1934 serikali ya kisiwa ilitunga sheria juu ya majumba ya michezo na dansi, na kwa sheria hiyo nyimbo zikawa chini ya macho ya polisi. Mhakiki wa maneno hawezi kuipita sheria hii bila ya kusimama, kwa maana iliwanoa watungaji. Mtungaji aliyezuiwa kusema jambo alilazimika kulitunga kwa namna ambayo yeye hakulisema. Aliimba habari za mpishi, au za fundi wa mabomba, au za jogoo wa jirani, na kila neno, likichukuliwa peke yake, lingaliweza kusomwa kanisani. Lile lililokatazwa halikutamkwa na mwimbaji. Lilitamkwa na msikilizaji, kimya, ndani ya kichwa chake mwenyewe, na hakuna mahakama iwezayo kumshtaki mtu kwa wazo la mwenziwe. Sisi tunaoijua taarabu, na tunaojua jinsi jina la kanga linavyoweza kutembezwa mbele ya mlango wa jirani, hatuhitaji kufundishwa mbinu hii. Tunachoweza kujifunza ni jinsi fumbo linavyofungamana na mizani. Mwimbaji hujenga vina vyake kuelekea neno moja la aibu, wote wakaliona likija, kisha pigo linapofika huweka neno jingine lisilo na hatia, au haweki neno kabisa. Kama wasikilizaji hawakujua pigo linaangukia wapi, fumbo hilo halipo. Quevedo mwenyewe alichaguliwa kuingia katika baraza la mji mwaka 1946 na katika baraza la kutunga sheria mwaka 1950. Sidhani kwamba mtu aliyezoea kusema bila ya kusema alipata taabu kubwa huko.

Maneno ya kanivali hayakai hemani peke yake. Mgeni aliyeletwa kuona manyoya, shanga na mapaja, na ndiyo mengi ya yanayoonekana Jumanne barabarani, atakosa kuwaona wazee wawili ambao siku hizi huonekana zaidi katika mashindano ya wahusika wa jadi. Wa kwanza ni Midnight Robber, mnyang'anyi wa usiku wa manane, mwenye kofia pana kama sinia na filimbi mdomoni, ambaye humzuia mpita njia na kumwagia majigambo: jinsi alivyozaliwa, jua likaficha uso, jinsi alivyokausha mito kwa kiu yake. Humwachilia mtu akisha kulipwa. Maneno yake ni makubwa makusudi, ya Biblia na ya vitabu vya shule, na anayecheka anacheka pia lugha ya mabwana iliyoketi katika kinywa cha jambazi.

Wa pili ni Pierrot Grenade, aliyevaa vipande vya nguo kuukuu, msomi mwenye majivuno, ambaye kazi yake ni kuendeleza maneno marefu. Huyu ningalimpa kiti katika idara yangu. Halitaji neno herufi kwa herufi. Hulivunja vipande, na kila kipande hukitungia kisa, kisha huviunga visa vyote likapatikana neno zima. Ili msomaji aione njia yake, achukue neno letu serikali, akumbuke mchezo wa watu wa mitaani kwetu. Pierrot wa Kiswahili angesema kwamba palikuwa na mzee aliyekuwa na siri. Mkewe akaitaka, mzee akakataa. Mke akamwendea shangazi, shangazi akaja na maswali, siri ikaanza kuwasha. Ikawasha mpaka ikawa kali. Sasa iungeni siri na kali, watoto, mniambie mmepata nini. Sisi wanaisimu twajua kwamba neno lile ni la Kiajemi na kwamba siri haina udugu nalo. Pierrot naye anajua. Anachokidhihaki ni darasa: mwalimu, kiboko, na mtoto anayetakiwa kuendeleza neno la watu wengine katika lugha ambayo nyumbani haisemwi. Nilimwona mmoja akifanya hivyo mbele ya watoto wa shule waliokuwa na sare zao, na walimu wao walicheka kuliko watoto.

Baada ya kusifu ni lazima nitoe lawama, la sivyo nitakuwa nimebadilisha kosa moja kwa jingine. V. S. Naipaul, ambaye hakuwa mwepesi wa kuisifu nchi aliyozaliwa, aliikubalia kalipso katika The Middle Passage (1962) kwamba ndipo mahali ambapo watu wa kisiwa chake wanaugusa uhalisi. Nakubaliana naye, walakini nauliza ni uhalisi wa nani. Wimbo "Jean and Dinah," uliompa Mighty Sparrow taji la mwaka 1956, unahusu wanawake wa mjini ambao askari wa Marekani, waliokuja na vituo vyao vya kijeshi wakati wa vita, wamewaondokea, na sasa bei yao imeshuka hadi mfuko wa mwanamume wa nyumbani. Umetungwa kwa ustadi usio na shaka. Mistari yake inakaa juu ya pigo kama ndege juu ya waya. Mwaka uliofuata mtungaji wake aliwaongoza wenziwe kuyasusia mashindano kwa sababu ya udogo wa zawadi, na alikuwa na haki, maana alikuwa amepewa dola 40. Lakini wanawake wa wimbo ule hawakupewa hata ubeti mmoja. Nilisema kwamba picong ni vita vya watu wawili na kwamba anayekasirika ameshindwa. Sheria hiyo ni ya haki pale tu ambapo mwenye kuchomwa ana zamu yake ya kuimba. Kwa muda mrefu nusu ya watu wa kisiwa hawakuwa na zamu. Calypso Rose, mzaliwa wa Tobago, aliposhinda mwaka 1978, ilibidi hata jina la taji libadilishwe, kwa kuwa mpaka siku hiyo liliitwa taji la mfalme.

Lawama ya pili ni juu ya kalipso ya mashindano ya leo. Waamuzi hugawa alama kwa maneno, kwa sauti ya wimbo, kwa uimbaji na kadhalika, na mtungaji aliyejua hivyo huandika wimbo wa kupewa alama. Nilisikia nyimbo kadhaa ambazo ni hotuba: rushwa ni mbaya, vijana waache bunduki, viongozi wapendane. Hakuna aliyepinga, na hakuna aliyesogea kitini. Mizani yake, kwa kalamu yangu nyekundu, ilikuwa safi kabisa. Jirani yangu alifungua mkoba akatafuta peremende.

Halafu iko soca, na msomaji asidhani naingiza habari za mpira. Ni muziki ulioanzishwa na Lord Shorty katika miaka ya 1970, kwa kuichanganya kalipso na midundo ya Wahindi wa kisiwani, ambao wazee wao waliletwa kwa mikataba ya kazi kuanzia mwaka 1845. Soca ndiyo inayoitawala barabara leo. Maneno yake aghalabu ni amri: inua mikono, ruka, zunguka, shika kiuno. Wapo wanaosema kwamba kwa sababu yake mahema yanapungukiwa watu. Sitaki kuihukumu soca hemani wakati imetungwa kwa ajili ya njia. Tayari nimekwisha kuadhibiwa kwa kosa la aina hiyo. Usiku wa Jumapili ya kanivali ya mwaka 2024 taji la kalipso lilichukuliwa na Machel Montano, ambaye jina lake lilijengwa katika soca, na asubuhi yake nilisikia watu wakibishana katika foleni ya mkate kama wanavyobishana juu ya tafsiri ya sheria. Nchi ambamo watu hugombana alfajiri juu ya nini ni utungo na nini si utungo haijaishiwa na utungo.

Sasa nirudi kwetu kwa maneno machache. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954, aliweka kanuni za vina na mizani ambazo wengi wetu tulizikariri. Lakini mwanzoni kabisa mwa maelezo yake alisema kwamba ushairi ni wimbo, na kwamba usioimbika hauna maana. Zile kanuni tulizishika, na lile la wimbo tukaliacha lipite kama salamu. Baadaye, Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, ugomvi uliozuka juu ya mashairi yasiyo na vina ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa watu wenye karatasi mkononi. Upande mmoja ulihesabu silabi na kuzikuta hazitoshi; upande wa pili ulisema kuhesabu ni utumwa. Ni wachache walioomba shairi la upande wowote lisomwe kwa sauti mbele ya watu, ili ijulikane linachukua muda gani, linapumua wapi, na nani anacheka kabla ya neno kufika. Mizani yetu ya 8 kwa 8 ni alama ya mguu wa wimbo uliokwisha kupita. Alama hiyo ni kitu cha thamani na yafaa ilindwe, lakini mimi nimekuwa nikiipima kana kwamba ndiyo mguu.

Katika mihadhara yangu ya mwaka huu nimeanza kuandika kalipso kwa namna nyingine: mapigo manne juu, silabi chini yake, na duara tupu pale ambapo mwimbaji amenyamaza. Njia hii inafanya kazi kwa mistari mingi. Ubeti mmoja bado unanishinda. Ni ule wa extempo nilioimbiwa mwenyewe, ambao katika mstari wake wa mwisho mwimbaji aliishia kabla ya kina, akaunyoosha mkono wake kwangu, na ukumbi wote ukalijaza neno kwa sauti moja. Sikulisikia neno lile, maana lilizama katika kicheko, na jirani yangu, nilipomwuliza, alikataa kulirudia. Katika daftari langu mahali pake pana duara. Sijui kama nilihesabu kuwa ni kimya, au kuwa ni silabi, na ya nani.